Chonge Ndefu Si Undugu: Nasaba ya Paka Wakubwa Waliotoweka Afrika Mashariki

Wakazi wa Masasi, Newala na vijiji vinavyoizunguka Ndanda hawahitaji kitabu kuwaeleza simba ni nani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Craig Packer na wenzake, wakiwemo Dennis Ikanda na Bernard Kissui, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300. Maeneo ya kusini ndiyo yaliyoumia zaidi. Mashambulizi mengi yalikwenda sambamba na nguruwe pori wanaovamia mazao, kwa kuwa ndio wanaomvuta simba hadi mashambani na ndio wanaomlazimu mkulima kulala kwenye dungu. Mnyama wa namna hiyo lazima azungumzwe.

Siku hizi mazungumzo hayo yamechanganyika na mengine. Wapo wanaomhusisha simba na nunda wa masimulizi ya pwani. Wapo waliosikia kwamba Kenya imepatikana mifupa ya "simba mkubwa" mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 20, wakahitimisha kuwa huyo ndiye babu wa simba wetu. Wengine wameona filamu za paka wenye chonge mfano wa majambia na kuamini kwamba simba ni mtoto wao aliyepunguziwa meno.

Mkanganyiko huu una chimbuko moja: tunapanga undugu kwa kuangalia ukubwa, ukali na urefu wa meno. Uchambuzi huu unaeleza kwa nini vigezo hivyo vinapotosha, unapima hoja zinazoshindana miongoni mwa wataalamu, na unatenganisha yaliyothibitika na yale ambayo bado yanabishaniwa.

Usuli: ukoo wa paka na kuingia kwake Afrika

Paka wote walio hai, kuanzia paka wa nyumbani hadi simba, wana asili moja. Miongoni mwa visukuku vya zamani zaidi vya ukoo huo ni vya Proailurus, mnyama mdogo aliyeishi Ulaya miaka milioni 25 hadi 30 iliyopita. Baadaye, takriban miaka milioni 20 iliyopita, wanyama wa aina ya Pseudaelurus walienea, na karibu na wakati huo ukoo uligawanyika katika matawi makuu mawili. Tawi la kwanza ni la paka wenye chonge nene za mviringo, na ndilo lenye paka wote wa leo. Tawi la pili, liitwalo Machairodontinae, ni la paka wenye chonge ndefu zilizobapa. Tawi hilo lote limetoweka.

Afrika haikuwa na paka tangu mwanzo. Kwa mamilioni ya miaka bara hili lilitengwa na bahari, na kazi ya kuwinda wanyama wakubwa ilishikwa na kundi jingine kabisa, hyaenodonti. Paka walifika baada ya Afrika kuungana na Asia kupitia Arabuni. Ndiyo maana kisukuku cha mla nyama wa Afrika Mashariki chenye umri wa miaka milioni 22 au 25 kinapaswa kuchunguzwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya kuitwa paka.

Ndani ya tawi lililo hai liko kundi la Panthera lenye spishi tano: simba, chui, chuimilia, jaguar na chui wa theluji. Duma hayumo, licha ya umbo lake. Vinasaba vinamweka karibu zaidi na puma wa Amerika kuliko na chui, ambaye wengi humdhania kuwa ndugu yake kwa sababu ya madoadoa.

Majina yaliyotangulia uchunguzi wa wasomaji

Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walimtangaza Simbakubwa kutokaafrika kutokana na taya na meno yaliyochimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho Nairobi kwa miongo kadhaa. Miaka miwili kabla walikuwa wamemtangaza Pakakali rukwai, mnyama mdogo wa miaka milioni 25 iliyopita kutoka Bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, na heshima hiyo kwa lugha yetu inafurahisha. Hata hivyo, Simbakubwa si simba wala Pakakali si paka. Wote wawili ni hyaenodonti, na ndani ya maelezo ya kitaalamu jambo hilo limeandikwa wazi. Habari zilipofika mitaani, jina lilibaki na maelezo yakapotea.

Ushahidi uko mdomoni. Simba ana jozi moja tu ya magego ya kukatia nyama kila upande: gego moja la juu hupishana na moja la chini kama makali ya mkasi. Fisi, mbwa na nguchiro wana mpangilio huohuo, kwa kuwa wote wanatoka katika oda moja ya wala nyama. Hyaenodonti alikuwa na jozi tatu za magego ya kukatia kila upande, zikifuatana hadi nyuma ya taya. Tofauti hiyo haifutwi na ukubwa wa mwili. Pomboo anafanana na papa kwa sababu wote wanaogelea kwa kasi baharini, lakini hakuna mvuvi wa Mikindani anayewahesabu kuwa ukoo mmoja. Simbakubwa na simba walifanana kwa sababu hiyohiyo: kazi moja ilizaa umbo linalokaribiana.

Hata ukubwa wenyewe unahitaji tahadhari. Makadirio ya uzito wa Simbakubwa yanaanzia takriban kilo 280 na kufika zaidi ya kilo 1,500, kutegemea kanuni ya hesabu iliyotumika. Kanuni hizo zimejengwa kwa vipimo vya wanyama walio hai, na hakuna mnyama aliye hai mwenye meno kama yake. Vyombo vya habari vilipenda tarakimu kubwa. Msomaji makini anapaswa kuzishika zote mbili.

Kundi jingine linaloleta utata ni la barbourofelidi, ambao baadhi ya mabaki yao ya zamani zaidi yametoka Afrika Mashariki. Ginsburgsmilus wa Napak nchini Uganda ni mfano. Walikuwa na chonge ndefu na zilizobapa, na kuhusu nasaba yao kuna misimamo mitatu. Wa kwanza unasema ni familia ya pekee iliyo jirani na paka. Wa pili unawaunganisha na nimravidi, wala nyama wa kale waliofanana na paka. Wa tatu unawaingiza ndani ya ukoo wa paka wenyewe. Kila msimamo unategemea sehemu ya fuvu inayopewa uzito zaidi: muundo wa mfupa wa sikio au muundo wa meno. Meno hubadilika haraka kufuata chakula, kwa hiyo hoja inayosimama juu ya meno peke yake ndiyo dhaifu kuliko zote.

Paka wa chonge ndefu: babu au binamu?

Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ambako Mary Leakey na timu yake walipata nyayo za watu wa kale mwaka 1978, pametoa picha nzuri ya wakati ambapo matawi mawili ya paka yaliishi pamoja. Katika matabaka yenye umri wa miaka milioni 3.6 hadi 3.85 yamepatikana mabaki ya Homotherium na Dinofelis, paka wenye chonge ndefu, pamoja na paka wa Panthera mwenye ukubwa wa kukaribia simba na mwingine wa kukaribia chui. Hilo peke yake linatikisa dhana ya babu na mjukuu: babu huyo angekuwa akiwinda bonde moja na wajukuu wake.

Hoja ya zamani ya kuwaunganisha kwa mstari mmoja ilikuwa na mantiki yake. Mafuvu yao yana mambo mengi ya kufanana, na Dinofelis alionekana kusimama katikati: chonge zake ni ndefu kuliko za simba lakini fupi na nene kuliko za Homotherium. Ilikuwa rahisi kumwona kama daraja. Udhaifu wa hoja hiyo ni kwamba umbo la katikati halimaanishi nasaba ya katikati. Leo wataalamu wengi wanamweka Dinofelis ndani ya tawi la chonge ndefu, ingawa zamani alihesabiwa na paka wa kawaida.

Vinasaba ndivyo vilivyoamua suala kuu. Mwaka 2017 Johanna Paijmans na wenzake walichapisha vinasaba vya mitokondria vya Homotherium na vya Smilodon, paka mwingine wa chonge ndefu, na mwaka 2020 Ross Barnett na wenzake wakachapisha jenomu ya Homotherium kutoka Yukon, Kanada. Matokeo yalielekea upande mmoja: tawi la chonge ndefu lilitengana na tawi la paka wa leo takriban miaka milioni 20 iliyopita au zaidi kidogo. Kwa kipimo hicho, paka wa nyumbani ni ndugu wa karibu zaidi wa simba kuliko Homotherium alivyokuwa. Mwaka 2024 ilitangazwa maiti ya mtoto wa Homotherium iliyogandishwa kwenye barafu ya Yakutia, Urusi, ikiwa na ngozi na manyoya, na shingo nene pamoja na umbo la kinywa chake vilitofautiana na vya mtoto wa simba wa umri uleule.

Lakini vinasaba hivyo vyote vimetoka katika nchi za baridi. Joto huvunja vinasaba haraka, na hakuna kinasaba kilichopatikana kutoka kwa Homotherium wa Laetoli, Megantereon (naye ni paka wa chonge ndefu) wa bonde la Turkana au Dinofelis yeyote. Matawi ya Afrika bado yanahukumiwa kwa mifupa peke yake. Hukumu kuhusu tawi zima ni imara. Hukumu kuhusu nani ndani ya tawi hilo ni ndugu wa nani barani kwetu inaweza kubadilika.

Chimbuko la Panthera: Asia au Afrika?

Hapa ushindani ni mkali. Wanaotetea Asia wana hoja mbili. Kwanza, chuimilia, chui wa theluji na chui wa mawingu, ambao wanawakilisha matawi ya mapema ya kundi hili na jamaa zake wa karibu, wote ni wa Asia. Pili, mwaka 2013 Jack Tseng na wenzake walimtangaza Panthera blytheae kutoka Tibet, mwenye umri wa kati ya miaka milioni 4.1 na 5.95, yaani wa zamani zaidi kuliko yeyote wa Laetoli.

Wanaotetea Afrika wanajibu kwamba mabaki ya Laetoli ni ya zamani vya kutosha, kwamba wanyama wawili tofauti wa Panthera tayari walikuwepo hapo, na kwamba kutengana kwao lazima kulianza kabla. Baadhi ya wachambuzi wamepinga pia kwamba blytheae alikuwa karibu na chui wa theluji kama ilivyodaiwa, na hoja ya Asia inapungua nguvu kwa kiasi hicho.

Pande zote mbili zina pengo moja. Hesabu za vinasaba zinakadiria kuwa kundi hili lilitengana na paka wengine karibu miaka milioni 11 iliyopita. Kati ya wakati huo na kisukuku cha Tibet kuna miaka milioni kadhaa ambayo karibu haina mifupa, si Asia wala Afrika. Kwa mizani ya leo Asia ina uzito zaidi kama chimbuko la kundi zima, kwa sababu hoja yake inasimama juu ya vinasaba na mtawanyiko wa wanyama, na kisukuku kimoja kikiondolewa haianguki. Afrika nayo ina dai lenye nguvu kuhusu simba mwenyewe, na madai hayo mawili hayagongani.

Simba wa kale: spishi moja au kadhaa?

Ulaya na Asia ya kaskazini waliishi simba wa mapangoni hadi mwisho wa Enzi ya Barafu. Je, walikuwa spishi yao au simba wa kawaida wa nchi za baridi? Utafiti wa vinasaba vya mitokondria wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba walitengana na simba wa Afrika miaka milioni 1.89 iliyopita. Utafiti wa jenomu nzima wa mwaka 2020, ulioongozwa na Marc de Manuel, ulikadiria miaka takriban 500,000 na haukukuta dalili za kuchanganya damu baadaye.

Pengo kati ya makadirio hayo ni kubwa. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake na vinaweza kubeba historia ya tawi moja la majike. Jenomu nzima inahesabu mababu wengi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo makadirio ya mwaka 2020 yanastahili kuaminiwa zaidi, ingawa kila hesabu ya aina hii inategemea kasi ya mabadiliko iliyokisiwa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba simba wa leo wana nasaba kuu mbili zilizotengana miaka takriban 70,000 iliyopita. Simba wa mashariki na kusini mwa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, wamo katika moja; wa magharibi, kaskazini na India wamo katika nyingine.

Mwaka 2018 Fredrick Manthi wa makumbusho ya taifa ya Kenya na wenzake walieleza fuvu la simba kutoka Natodomeri, kaskazini-magharibi mwa Kenya, lenye umri wa takriban miaka 200,000. Ukubwa wake ulilingana na wa simba wakubwa kabisa wa mapangoni. Inawezekana ilikuwa jamii ya simba waliokua wakubwa kwa kuwinda nyati wakubwa waliotoweka, na inawezekana ilikuwa nasaba nyingine. Fuvu moja haliwezi kuamua, na ukubwa, kama tulivyoona kwa Simbakubwa, ndicho kigezo dhaifu zaidi cha undugu.

Kwa nini walitoweka?

Miaka milioni 3 iliyopita Afrika Mashariki ilikuwa na Homotherium, Megantereon na Dinofelis pamoja na paka wa Panthera na duma. Miaka milioni moja hivi iliyopita wale watatu wa kwanza walikuwa wamekwisha au wanakaribia kwisha.

Msimamo wa kwanza unalaumu mazingira. Hewa ukaa ilipungua, nyasi zikaenea, na wala majani wakubwa wakapungua kuanzia miaka milioni 4 hadi 5 iliyopita, kama alivyoonyesha Tyler Faith na wenzake mwaka 2018. Paka waliotegemea mawindo makubwa walibaki bila riziki. Nguvu ya hoja hii ni kwamba upungufu wa mawindo ulianza kabla ya watu kuwa wawindaji wa maana. Udhaifu wake ni kwamba haielezi vizuri kwa nini Homotherium na Smilodon waliendelea kuishi Amerika kwa zaidi ya miaka milioni moja baada ya jamaa zao kutoweka Afrika.

Msimamo wa pili unawalaumu mababu zetu. Lars Werdelin na Margaret Lewis walionyesha mwaka 2013 kwamba aina za maisha za wala nyama wakubwa wa Afrika Mashariki zilipungua sana kuanzia karibu miaka milioni 2 iliyopita, na utafiti wa mwaka 2020 wa Søren Faurby na wenzake ukakuta kwamba upungufu huo ulienda sambamba na kukua kwa ubongo wa binadamu wa kale. Si lazima mtu amuue paka; kumnyang'anya mzoga mara kwa mara kunatosha kumdhoofisha. Alama za mikato ya mawe kwenye mifupa ya Olduvai zinathibitisha kwamba watu walikuwa wakigombea nyama ileile. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba mambo mawili kwenda sambamba hakuthibitishi kuwa moja lilisababisha jingine.

Maelezo yanayobeba ushahidi mwingi zaidi ni ya pamoja: mazingira yalipunguza mawindo, kisha mshindani mpya akapunguza hata kilichobaki. Simba na chui walinusurika kwa sababu wanakula wanyama wa ukubwa tofauti. Aliyebobea katika windo moja kubwa hakuwa na pa kukimbilia.

Kusini na suala la nunda

Kwa nini hatusikii visukuku vya paka kutoka Ndanda au Newala? Sababu ni miamba. Tendaguru, mkoani Lindi, palipochimbwa dinosaria maarufu wa Berlin kati ya 1909 na 1913, pana umri wa takriban miaka milioni 150. Miamba ya mchanga ya uwanda wa Makonde ina zaidi ya miaka milioni 100. Yote ni ya kabla ya paka yeyote kuwepo duniani. Laetoli palihifadhi mifupa kwa sababu majivu ya volkano yaliifunika haraka. Uwanda wetu haukupata bahati hiyo. Ukimya wa miamba hauna maana kwamba paka wa kale hawakuishi kusini.

Wengine wanaujaza ukimya huo kwa nunda. Edward Steere, aliyeanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876, alikuwa amechapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili wenye kisa cha paka wa sultani aliyeanza kwa kula mifugo akaishia kula watu. Katika karne ya 20 William Hichens, hakimu wa kikoloni aliyefanya kazi Lindi, aliandika kuhusu mashambulizi ya mngwa, jina jingine la nunda, aliyeelezwa kuwa paka mkubwa wa kijivu. Nguvu ya masimulizi haya ni wingi wa mashahidi na ukweli kwamba watu walikufa kweli. Udhaifu wake ni kwamba hakuna ngozi, fuvu wala jino lililowahi kuhifadhiwa. Kumfanya nunda kuwa Dinofelis aliyesalia kunadai karibu miaka milioni moja bila mfupa hata mmoja. Simba na chui, ambao wanajulikana kuua watu katika maeneo hayohayo, wanatosha kueleza vifo. Hadithi ya nunda inastahili kutunzwa kama urithi wa fasihi. Haifai kupewa kazi ya ushahidi wa nasaba.

Muhtasari

Yaliyothibitika ni haya: Simbakubwa na Pakakali si paka, paka wa chonge ndefu ni tawi la pembeni, si mababu wa simba, simba wa Tanzania wana nasaba moja na wa kusini mwa Afrika. Yenye uzito lakini hayajafungwa ni chimbuko la Panthera barani Asia, umri wa kutengana na simba wa mapangoni, na mchango wa binadamu katika kutoweka kwa paka wakubwa. Yasiyo na jibu bado ni nafasi ya barbourofelidi, undugu wa ndani wa Dinofelis na Megantereon wa Afrika, na utambulisho wa simba wa Natodomeri.

Njia ya kusonga mbele ipo. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kupata protini katika meno ya wanyama wa Turkana wenye umri wa hadi miaka milioni 18. Protini hubeba taarifa chache kuliko vinasaba, lakini zinavumilia joto letu. Zikipimwa kwenye meno ya paka wa Laetoli, Afrika haitasubiri tena barafu ya Yukon na Yakutia iisemee.

Wakati huo huo kuna wajibu unaotokana na yale tuliyokwisha kuyajua. Kati ya paka wakubwa wengi waliowahi kuishi Afrika Mashariki, simba, chui na duma ndio waliobaki. Kuwadhibiti nguruwe pori ili mkulima asilale dunguni kwa hofu, na kulinda mapori ya akiba kama Lukwika-Lumesule ili simba awe na mawindo mbali na vijiji, ni hatua zinazookoa maisha ya watu na nasaba ya mnyama kwa pamoja. Homotherium hakuwa na mtu wa kufanya uchaguzi huo. Simba wa kusini anaye.